Sufuria ya presha ya umeme na kuku wa Kiitaliano: inamfaa wa kienyeji kuliko broila

Sufuria ya presha ya umeme ninayoizungumzia hapa ina ujazo wa lita 6 na nguvu ya wati 1,000. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa maduka ya vyombo vya umeme ya Mombasa, kuanzia Barabara ya Digo hadi Nyali, yamejaa nyingine za umbo lile lile zilizobandikwa majina tofauti, na mengi ninayoyasema yanazihusu zote. Nimeipima zaidi kwa chakula kimoja, yaani kuku wa mtindo wa Kiitaliano katika rojo ya nyanya, ambacho kijitabu cha mapishi kilichomo ndani ya boksi kinakisifu kuwa ni chajio cha dakika nane. Maoni yangu ni kwamba anayepika kuku wa kienyeji atapata faida kubwa, na anayepika broila atakuwa amejipatia chombo kizuri cha kuchemshia maharagwe.

Kuku mwenyewe ni yule ambaye Waitaliano humwita pollo alla cacciatora, kuku wa mwindaji, na hana pishi moja linalokubaliwa na wote. Katika sehemu za Italia ya kati hupikwa kwa kitunguu saumu, rozmari na divai au siki bila nyanya kabisa. Kwingineko huogeshwa nyanya, vitunguu na pilipili boga, na wengine huongeza zeituni. Watu wa pwani si wageni wa ladha hizi. Tangu miaka ya 1960, Waitaliano walipoweka jukwaa la San Marco la kurushia roketi baharini huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, mji huo umepokea Waitaliano wengi, na vyakula vyao vimeteremka hadi kwetu pamoja na bidhaa zake: mafuta ya zeituni, zeituni za chupa, oregano kavu na spageti za kila unene hupatikana leo katika maduka makubwa ya Mombasa bila ya mtu kuhangaika. Divai siitumii, na nyumba nyingi za hapa hazitaitumia. Siki inatosha, na kwa kuwa baadhi ya Waitaliano wenyewe hupika kwa siki, hakuna sababu ya kuomba radhi.

Vitu vingine vyote vinapatikana katika masoko ya Marikiti au Kongowea. Kwa kuku wa kilo moja na nusu aliyekatwa vipande vinane, mimi huchukua nusu kilo ya nyanya zilizoiva sana, kitunguu maji kimoja kikubwa, punje nne za kitunguu saumu, pilipili boga moja, kijiko cha nyanya ya mkebe, vijiko vitatu vya siki, konzi ndogo ya zeituni, oregano, pilipili manga na chumvi. Mwisho hurashia majani ya mrehani, ambao ni jamaa wa karibu wa basil, ule mmea ambao Waitaliano hupenda kuutia katika vyakula vya nyanya. Wauzaji wa asumini na vikuba, yaani vishada vya maua na majani ya kunukia, hustaajabu kusikia kwamba unakwenda jikoni, lakini huuza.

Sasa nije kwenye chombo chenyewe. Kazi ya kwanza ni kukaanga, na kitufe cha kukaangia kipo, ingawa hakina nguvu nilizotarajia kwa wati 1,000. Chuma cha chini hupata moto vizuri kwa dakika chache, kisha kidhibiti joto hukata umeme, na anayejaza vipande vyote vinane kwa pamoja atawakuta wanachemka katika maji yao badala ya kubadilika rangi. Inafaa kuwakausha kuku kwa kitambaa, kuwakaanga kwa mafungu mawili, upande wa ngozi chini, na kutowagusa mpaka ngozi ijiachie yenyewe. Sehemu hii huchukua dakika kumi hivi, na kijitabu hakiihesabu kabisa. Anayeiruka atapata kuku mweupe, laini, mwenye sura ya mgonjwa, ambaye hata mrehani wa Marikiti yote hautamsaidia.

Baada ya kuku kutolewa huingia vitunguu, pilipili boga na saumu, na hapo ndipo penye siri ya chakula hiki katika sufuria ya aina hii. Lazima ukoko wote ulioshika chini ukwanguliwe kwa mwiko wa mbao huku siki na kikombe kimoja cha maji vikimiminwa, mpaka chini pawe safi. Sufuria ya presha hupika kwa mvuke, na mvuke hutokana na maji mepesi yanayoweza kuzunguka. Rojo nzito ya nyanya haizunguki. Hutulia chini, huungua, na mtambo unapohisi joto limepita kiasi huzima na kulia kabla presha haijapanda. Malalamiko mengi ninayosikia kuhusu sufuria hizi, kwamba ni mbovu, kwamba zinajizima zenyewe, yanatokana na jambo hili moja tu. Dawa yake ni mpangilio: maji na vitunguu chini, kuku juu yake, kisha nyanya zilizokatwa na ile nyanya ya mkebe zimwagwe juu kabisa ya kuku na ziachwe hapo bila kukorogwa. Zitateremka zenyewe joto likipanda. Tangu niufuate mpangilio huu, sijausikia tena ule mlio.

Muda ndio ninaotaka kuueleza kwa kirefu, kwa kuwa ndio unaotumiwa kuuza vyombo hivi. Dakika nane zinazotajwa ni za kukaa katika presha kamili, nazo kwa kweli zinatosha mapaja ya broila yenye mifupa. Lakini presha haipandi papo hapo. Kutoka kufunga mfuniko hadi ile pini ndogo ya mfuniko inayoonyesha kuwa presha imepanda kuinuka hupita kama dakika kumi, na baada ya mlio wa mwisho ni vyema kuuacha mvuke ushuke wenyewe kwa dakika kumi nyingine, kwa sababu kuufungulia ghafla hufanya rojo itokote kwa nguvu na nyama ya kidari ikakauke. Ukijumlisha na kukaanga, na kuipunguza rojo mwishoni, umefika dakika arobaini na tano. Broila huyo huyo katika sufuria ya kawaida juu ya gesi, mfuniko ukiwa wazi kidogo, huiva kwa muda huo huo, na rojo yake hukolea wakati nyama inaiva. Kwa kuku wa kisasa, basi, sioni kilichookolewa.

Mambo hugeuka kabisa akija kuku wa kienyeji, hasa jogoo aliyekwisha kutembea nchi, ambaye kwenye gesi huhitaji saa moja na nusu au mbili na mtungi hupungua unaona. Huyo mimi humpa nusu saa ya presha. Ukiongeza kupanda, kushuka na mengineyo, chakula kiko mezani kwa saa moja na kidogo, na nyama inaachana na mfupa huku ikiwa bado na ladha yake. Umeme uliotumika hauzidi nusu yuniti ya tokeni kwa makadirio yangu, maana presha ikishapanda mtambo huwaka na kuzima tu kulinda joto. Tena jikoni hakuna moto unaowaka saa mbili, jambo ambalo mtu wa Mombasa analithamini wakati wa kaskazi, jua linapokuwa limezitia kuta joto tangu asubuhi.

Sababu ya tofauti hiyo ni rahisi. Ndani ya mfuniko uliobanwa maji hayachemki kwa nyuzi 100 za selisiasi bali hupanda kati ya 110 na 120, na katika joto hilo kano ngumu za ndege mzee hulainika haraka. Broila hana kano ngumu kiasi hicho za kulainisha, kwa hiyo joto lile la ziada halina kazi kubwa kwake. Nafikiri pia ndiyo sababu jamaa zetu wa bara huvisifu vyombo hivi kutushinda: Nairobi, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, maji huchemka kwa nyuzi kama 94, na maharagwe hukaa motoni mpaka mtu akate tamaa. Sisi tulio usawa wa bahari tunaanza tukiwa na nafuu tayari.

Mfuniko ukifunguliwa, kinachoonekana si cha kupendeza. Kuku ametoa maji yake, nyanya zimetoa zake, na hakuna tone lililopata njia ya kutoka, hivyo kilichomo ni supu nyekundu. Wengi huishia hapo na kusema pishi la Kiitaliano halina ladha. Kuku atolewe awekwe kando, kitufe cha kukaangia kibonyezwe tena, na rojo iachwe wazi itokote kwa dakika nane hadi kumi mpaka iushike mwiko. Kisha zeituni na mrehani viingie, chumvi ionjwe wakati huo na si kabla, kwa kuwa zeituni za chupa zina chumvi nyingi, na kuku arudishwe apate kuvikwa rojo. Kwa hatua hii chombo kinastahili sifa: sufuria ya ndani ni ya chuma cha pua, si ile yenye rangi nyeusi inayobanduka, na inavumilia mwiko.

Kuhusu ujenzi wake nina manung'uniko matatu. Plagi iliyokuja nayo ni ya miguu miwili ya mviringo, wakati soketi zetu ni za miguu mitatu ya bapa, na duka lilitoa adapta nyepesi kana kwamba ni zawadi. Mtambo wa wati 1,000 wenye mwili wa chuma unahitaji waya wa ardhi, na adapta ya miguu miwili haiupi. Fundi wa umeme aliikata akaweka waya na plagi ya miguu mitatu, gharama ambayo muuzaji alipaswa kuibeba. La pili ni mpira wa mfuniko, ambao hunywa harufu. Ukipika biriani Ijumaa, Jumapili kuku wa Kiitaliano atanukia iliki, na kuosha kwa sabuni hakusaidii sana; kuuanika juani kunasaidia kiasi. La tatu ni kijitabu chenyewe, kilichoandikwa kwa Kichina na Kiingereza kilichopinda. Kwa chombo kinachobana mvuke, maelekezo ya usalama yangestahili kueleweka na kila anayekitumia, akiwemo msichana wa kazi na bibi wa nyumbani: kutojaza zaidi ya theluthi mbili, kutofunika tundu la mvuke kwa kitambaa, na kutolazimisha mfuniko kabla pini haijashuka.

Umeme ukipotea katikati ya mapishi, jambo ambalo halihitaji maelezo kwa msomaji wa hapa, presha haitoweki mara moja, na kuku huendelea kuiva kwa joto lililobaki. Umeme ukirudi, hata hivyo, mtambo huu haukumbuki ulipokuwa. Hukaa umewaka taa ukisubiri kuamriwa upya. Aliyeondoka nyumbani akiamini chakula kinapikika atarudi akute kuku vuguvugu, na kuku aliyekaa vuguvugu kwa saa kadhaa katika joto letu si wa kuliwa.

Huduma ya duka ilikuwa ya heshima wakati wa kununua. Kijana aliyeniuzia aliniambia, "Mama, hii haiungui kitu, wewe weka tu uende zako," na nilipomuuliza habari za nyanya nzito alicheka akasema hata hajawahi kuiwasha. Nilipenda ukweli wake. Nilipoulizia mpira wa akiba, jibu lilikuwa kwamba haupo, na kwamba dhamana ya mwaka mmoja haihusu mpira wala vali, yaani vile vitu viwili vinavyochakaa kwanza.

Namna ya kukila chakula hiki, spageti zinakwenda, na mkate wa bofulo wa kufutia sahani unakwenda zaidi. Ila mimi hukipenda kwa sima. Italia ya kaskazini nao husonga unga wa mahindi wakauita polenta, wakaumwagia kuku wa rojo kama huyu juu yake, kwa hiyo asitokee mtu wa kusema tumeharibu pishi la watu. Sima isongwe laini kuliko ya kawaida na itiwe chumvi kidogo, nayo ipikwe kwenye sufuria yake juu ya gesi wakati rojo inakolea; katika sufuria ya presha unga hushika chini, na ule mlio utausikia tu.