Kununua kifaa cha GPS kwa njia za Tabora na Kigoma: tazama kwanza rangi za ramani

Dereva anayetoka Tabora kuelekea Kigoma alasiri, kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza, huwa na jua usoni, na ramani yenye rangi hafifu haimfai hata kama kifaa chenyewe ni cha bei kubwa. Tena ukanda huu umetandwa na misitu ya miombo, ambayo ramani nyingi huipaka kijani, huku barabara ya vumbi ikichorwa kwa mstari mwembamba unaopotelea humo humo. Kwa hiyo nimetanguliza vifaa vinavyomwezesha mtumiaji kubadili rangi mwenyewe.

Nafasi ya kwanza naipa simu janja yenye programu ya OsmAnd, inayotumia data za OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, na kufanya kazi bila intaneti ukishapakua ramani ya Tanzania. Programu hii ina mitindo kadhaa ya kuchora ramani. Ule uitwao Touring view hukoleza barabara, na unaweza pia kuwasha rangi zinazoonyesha aina ya uso wa barabara, hivyo lami ikajulikana mbali na vumbi. Hali ya mchana na ya usiku hubadilika yenyewe kwa kufuata kuchomoza na kuzama kwa jua. Mjuzi wa kompyuta anaweza hata kuhariri faili la mtindo, kwani limeandikwa kwa XML, yaani maandishi ya kawaida yenye alama maalumu, na hili ni muhimu sana kwa mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani. Udhaifu uko kwenye kioo: simu nyingi za bei nafuu hazisomeki juani na hupata joto zikikaa kwenye dashibodi.

Ya pili ni Garmin eTrex 22x, GPS ya kushika mkononi, ambayo kwa warina asali na maofisa misitu ningeiweka ya kwanza bila kusita. Kioo chake cha inchi 2.2 hutumia mwanga wa jua wenyewe, hivyo husomeka vizuri hata mchana wa jua kali, na betri zake mbili za AA, kwa mujibu wa mtengenezaji, hudumu hadi saa 25. Rangi za ramani unazoongeza hubebwa na faili la TYP, linalohaririwa kwa kompyuta. Usiichanganye na eTrex 10, ambayo kioo chake hakina rangi.

Ya tatu ni Garmin za kubandika garini: kioo kikubwa, lakini unachagua tu kati ya mipangilio ya rangi iliyokwisha andaliwa.

Mwisho kabisa ni TomTom za zamani za mtumba. Nyingi zina menyu nzuri ya kubadili rangi, ila ramani isiyosasishwa huenda isionyeshe hata Daraja la Kikwete la Malagarasi, lililozinduliwa mwaka 2015.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji mtoke nje saa sita mchana, ufungue eneo la Kaliua, kisha uone kama unaitambua barabara ya vumbi na reli bila kukisogeza kifaa karibu na macho.