Baiskeli ya mazoezi ya kukaa kwa kuegemea: miezi saba mimi nayo na magoti yangu mabovu

Nianze kwa kujieleza ili mjue nani anaongea. Nina miaka 52, nilianza na kilo 104, na magoti yangu yote mawili yameshapigwa picha, daktari akanionyesha pale mfupa na mfupa unavyokaribiana akasema gegedu, ile nyama ngumu laini inayofunika ncha za mifupa, imelika, la kulia ndo limezidi. Halafu akamalizia na ile sentensi ambayo kila mwenye magoti mabovu anaijua kwa moyo, mama punguza uzito, fanya mazoezi. Haya sasa, mazoezi gani, na goti ndo hilo? Nikitembea nusu saa jioni, asubuhi yake nashuka ngazi kiubavu kama kaa, mkono mmoja ukutani.

Nimejaribu vitu vingi kabla ya hii baiskeli. Kuruka kamba, msiniulize. Zile video za kurukaruka mbele ya simu nilifika dakika ya nne. Kutembea nilikomaa nako karibu miezi miwili, natembea siku moja naumwa siku tatu, ukipiga hesabu ni siku saba au nane tu za mazoezi kwa mwezi, uzito utashukaje hapo. Ndo nikaanza kutafuta kitu ambacho naweza kukifanya leo na kesho nikakirudia. Hicho tu. Sikutaka jasho la ajabu wala muziki wa kelele, nilitaka kuamka na goti ambalo halijaninunia.

Baiskeli yenyewe ni ile ambayo siti ni kama kiti kabisa, pana, ina mgongo wa kuegemea, na pedali zipo mbele yako, si chini yako kama baiskeli ya kawaida. Jina la kampuni nitaliacha, ninachoongelea hapa kinahusu aina hii kwa ujumla. Kwa nini hii na si ile ya kusimama wima? Kwanza kupanda. Ile ya wima inabidi unyanyue mguu uuvushe juu ya chuma, na goti langu la kulia likigoma hapo katikati nabaki nimening'inia. Hii unakaa tu kama unakaa kwenye kochi halafu unazungusha miguu unaiweka kwenye pedali. Pili makalio. Mtu mwenye mwili akikalia kile kisiti chembamba dakika kumi anakuwa hawazi tena goti, anawaza mengine kabisa.

Sasa suala la goti lenyewe, maana ndo lililonifanya nitoe hela. Kuna watu wenye magoti ya bandia waliowekewa vifaa vya kupimia mzigo ndani ya goti lenyewe, wakapimwa wanatembea, wanapanda ngazi, wanaendesha baiskeli. Ukitembea sehemu tambarare goti linapokea kama mara mbili na nusu ya uzito wako kila hatua, ukishuka ngazi linakaribia mara tatu na nusu, baiskeli ya taratibu ni mara moja na kidogo. Kwangu mimi wa kilo 104 maana yake kila nikishuka kangazi kamoja goti moja linakutana na kilo 350 hivi. Mia tatu na hamsini jamani! Na mi nilikuwa najilaumu kwamba ni mvivu.

Basi ikaja, ikafungwa, na wiki mbili za kwanza nikaichukia.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Siti inateleza kwenye reli yenye matundu, unachomoa kipini, unaisogeza, unarudisha kipini. Mimi mfupi, nikaiweka tundu la pili karibu kabisa na pedali, nikajiona salama. Baada ya siku tatu nikaanza kupata maumivu mapya, mbele, nyuma ya kile kifuniko cha goti, kama kuna mchanga. Nikasema ndo yaleyale, hela imeenda. Mwanangu akanirekodi kwa simu nikiwa naendesha, nikaenda kumuonyesha dada wa fiziotherapia, yule anayetibu viungo kwa mazoezi. Akaangalia kama sekunde kumi tu akasema, "Mama, goti lako linakunja mno, umejibana kama upo kwenye kiti cha mtoto." Akanifundisha hivi: weka kisigino kwenye pedali, isukume mpaka inapokuwa mbali kabisa na wewe, mguu uwe karibu umenyooka wote. Halafu rudisha unyayo sehemu ya mbele kwenye pedali kama kawaida, hapo goti linabaki limekunja kidogo tu. Kwangu ikawa tundu la tano. Kutoka la pili mpaka la tano! Maumivu ya mchanga yakaisha ndani ya wiki ileile. Kwa hiyo ukisoma hii usikumbuke kingine, kumbuka siti. Ikiwa karibu sana goti linakunja na kubanwa, ikiwa mbali sana unajinyoosha mpaka kiuno kinacheza huku na huku.

Kosa la pili nalilaza kwa aliyeniuzia. Aliniambia kaza kile kitufe cha kuzungusha cha ugumu wa pedali mpaka mwisho ndo mafuta yanayeyuka. Yangu ina ngazi 8 za ugumu, mimi nikaweka 6, dakika ishirini, nikajisikia shujaa. Usiku goti likajaa. Najua limejaa kwa sababu kuna vile vishimo viwili pembeni ya kifuniko cha goti, kushoto na kulia, ukinyoosha mguu unaviona. Vikipotea ujue maji yameingia ndani. Vilipotea siku nne. Sa hivi naangalia vishimo kila asubuhi kabla hata ya kupiga mswaki, kama mtu anavyoangalia hali ya hewa. Dada wa fizio alinipa sheria moja nyepesi: kuumwa kidogo wakati wa zoezi sawa, lakini maumivu yakizidi ya kawaida yako na yakadumu mpaka kesho saa ileile, umezidisha, punguza. Nilishuka mpaka ngazi ya 2, mizunguko kama 60 kwa dakika, mguu mwepesi unazunguka tu. Unaona kama hufanyi kitu. Subiri dakika ya kumi na tano uone jasho.

Nilianza na dakika 8, mara tatu kwa wiki, niliona hata aibu kuandika. Kila wiki naongeza dakika mbili tatu goti likikubali, wiki mbaya nabaki palepale. Sasa ni dakika 35, siku tano, ngazi ya 3, siku nyingine 4. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, nami nilizifikia mwezi wa nne. Wastani maana yake unaweza kuongea ila ukitaka kuimba pumzi inakukatalia. Mi huwa nampigia dada yangu simu nikiwa juu ya baiskeli, akianza kuniambia "mbona unahema hivo" najua kasi ni sahihi.

Na asubuhi magoti yanakuwa mepesi kuliko zamani, hilo nilidhani ni akili yangu tu. Kumbe gegedu haina mishipa ya damu, inalishwa na ule ute wa ndani ya kiungo, na ute unaingia na kutoka ukiwa unakunja na kukunjua. Ukikaa tu kwa kuogopa maumivu unainyima chakula. Yaani ile miaka ya "pumzisha goti" nilikuwa nalimaliza polepole.

Tuje kwenye uzito, maana najua wengi ndo mnachongoja. Kilo 104 mpaka 93, miezi saba. Lakini nisiwadanganye kwamba ni baiskeli. Miezi miwili ya kwanza niliendesha bila kubadilisha ninavyokula na nikapungua kilo moja, nyingine zote zimeshuka baada ya kupunguza sahani. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2013, watu 454 wenye uzito mkubwa na magoti yanayouma, ulioendelea miezi 18: waliofanya mazoezi peke yake walipungua kama asilimia 2 ya uzito wao, waliobadilisha chakula peke yake kama 9 na nusu, waliofanya vyote viwili zaidi ya 11, na hao wa mwisho ndo waliopata nafuu kubwa zaidi ya maumivu. Kwa hiyo mtu akikuuzia mashine kwa maneno ya "utapungua bila kubadilisha kitu", mshukuru uondoke.

Na ile skrini! Inaniambia nimechoma kalori 310 kila nikimaliza, nikajipongeza wiki nzima mpaka siku moja nikajiuliza, hii mashine haijawahi kuniuliza nina kilo ngapi, sasa inajuaje? Inatoa namba ya mtu yeyote. Nimebandika karatasi juu ya hiyo sehemu, nimebakiza dakika tu.

Ila kilo 11 kwa goti si mchezo. Kila kilo moja unayopunguza, goti linapunguziwa kama kilo nne kila hatua, hilo nalo lilipimwa. Kwangu ni kilo 44 hazipo tena kila nikiweka mguu chini. Sasa natembea tena, dakika ishirini, ninayatembelea magoti yangu kwa adabu lakini natembea.

Mabaya yake sasa. Siti, pamoja na upana wote huo, baada ya dakika ishirini na tano inachoma, nimeweka mto. Mikanda ya pedali ni ya plastiki nyembamba, mmoja ulikatika mwezi wa tatu. Inapiga kelele kama panya upande wa kushoto, nimetia mafuta, inanyamaza siku mbili inaanza tena. Na kibandiko cha uzito wa mwisho inaoubeba kimewekwa chini kabisa, huwezi kukiona mpaka upige magoti, na anayenunua hii mashine ndo yule asiyeweza kupiga magoti! Yangu ni kilo 120. Uliza kabla ya kulipa. Halafu inachosha akili, unaangalia ukuta uleule.

Watu wananiuliza kuhusu mazoezi ya ndani ya maji. Kwa kweli maji ndo mfalme, ukisimama yakafika kifuani mwili unabebwa, miguu inabaki na kama theluthi ya uzito wako. Nilienda darasa la mazoezi ya ndani ya maji mara sita na sikuumwa hata mara moja. Kilichonishinda ni safari, ratiba, kubadili nguo na ile ngazi ya chuma ya kutokea bwawani, unatoka mwepesi kama unyoya ghafla kilo zote zinakurudia ukiwa kwenye kipandio cha pili. Ukiwa na bwawa karibu nenda, ila usiogelee ule mtindo wa chura wa kutanua miguu, unalivuta goti kwa ndani. Ile mashine ya kukanyaga huku mikono inavuta vyuma, nayo haina kishindo maana unyayo haunyanyuki, lakini bado umesimama na mwili wako wote juu ya goti. Kwangu dakika sita.

Baiskeli haitoshi peke yake pia. Msuli wa mbele ya paja ukilegea goti linabeba lisilo lake, kwa hiyo mara mbili kwa wiki nakaa kwenye kiti kirefu nanyanyuka bila kushika, mara kumi, napumzika, tena kumi. Mwanzoni niliweza tatu.

Asiinunue kwanza: mwenye goti la moto na jekundu, lenye kujaa ghafla na homa, au linalojifunga katikati likagoma kunyooka. Huyo ni hospitali. Na goti lisilokunja vya kutosha halitamaliza mduara wa pedali, pima kwanza kwenye ya mtu mwingine.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya siti, mikanda, na boliti moja ya mguu wa nyuma ambayo haikuwemo kwenye boksi. Nilimpigia aliyeniuzia siku ileile akasema inakuja kesho. Miezi saba.