Kitalu cha Malindi: ununue nini kwanza, mbolea au kivuli?

Udongo wetu wa Malindi ni kichanga, na karibu na bahari umejaa chokaa ya matumbawe. Maji hayakai, na chakula cha mche huondoka nayo. Mwenye fedha kidogo aanze na samadi, kivuli kitafuata.

Ya kwanza, kwangu mimi, ni samadi ya mbuzi iliyooza. Kabla hujalipa, fungua gunia utie mkono mpaka ndani. Ikiwa bado ina joto au inanuka mkojo, iache. Iliyoiva ni nyeusi, huvunjika vidoleni na hunukia udongo. Kipimo cha viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, ni beleshi mbili za udongo, moja ya samadi na moja ya mchanga. Udongo wako ukiwa kichanga tayari, mchanga wa kuongeza hauna haja.

Ya pili ni unga wa makumbi ya nazi. Haulishi mche, lakini unashika maji vizuri mno. Muulize muuzaji makumbi yalilowekwa wapi: yaliyofukiwa ufukweni ili yatoe nyuzi za kamba yana chumvi, nayo huua miche michanga. Yasuuze kwa maji matamu mara kadhaa.

Samadi ya kuku naiweka ya tatu. Ina nguvu, ila ikiwa mbichi huunguza mizizi, na hata ikiiva tumia nusu ya kipimo cha mbuzi. DAP, mbolea ya dukani ya chembechembe, ni ya mwisho kabisa. Ndani ya kiriba kidogo, kukosea kipimo ni rahisi sana. Na ukiletewa udongo mweusi wa msituni, tafadhali kataa. Msitu wetu wa Arabuko-Sokoke ni hifadhi, tusiichimbe ili tupande miti kwingine.

Kwa kivuli, kitalu cha nyumbani kinatoshwa na makuti. Ni rahisi kupata, na unayapunguza moja moja mche ukizoea jua. Mwenye miche mingi anunue neti, kwa kuwa hudumu zaidi, lakini achague inayozuia asilimia 50 ya jua. Wengi huvutiwa na ile nzito ya asilimia 80; chini yake miche hurefuka haraka, shina likabaki jembamba, na upepo wa kusi ukianza inalala. Mvinje na mkilifi hasa hutaka jua mapema. Wiki tatu au nne kabla ya kupanda, ondoa kivuli chote.

Ila ukiweza kusubiri, samadi mbichi ya mbuzi ni nafuu zaidi. Ukiinunua kaskazi ikianza kuvuma, uilowanishe na kuifunika, itakuwa imeiva kabla ya masika ya Aprili.