Miezi saba na giaboksi isiyo na sinkronaiza

Gia ya tatu ndiyo iliyonifikisha huku. Injini nilishaifungia turbo kubwa na kuipanga upya kompyuta yake, nguvu zikakaribia mara mbili ya zile za kiwandani, ila giaboksi ikabaki ile ile. Siku gia hiyo ilipokatika meno sikushangaa. Nguvu zikizidi, shafti mbili zinasukumana, boksi linajipinda kidogo, na meno yanaanza kushikana nchani badala ya katikati.

Nikafunga seti ya gia zenye meno yaliyonyooka, uwiano wa kukaribiana (gia moja haiachani sana na inayofuata), bila sinkronaiza, yaani zile ringi zinazolinganisha kasi kabla gia haijaingia. Nimeiendesha barabarani na kwenye uwanja wa mbio.

Nianze na kelele, maana kila anayepanda huuliza. Inalia mlio mwembamba kama wa gari linalorudi rivasi, na kweli ni ndugu: rivasi ya magari mengi ya gia za mkono ina meno yaliyonyooka vivyo hivyo. Meno ya kiwandani hukatwa mshazari, yakapokezana kazi taratibu. Haya yanakutana upana wote kwa mpigo mmoja. Faida yake, hayaisukumi shafti kwenda upande, hivyo beringi zinapata nafuu. Redio siku hizi siwashi.

Utamu uko kwenye uwiano. Zamani gia ya pili ilikuwa 2.0, yaani injini izunguke mara mbili ndipo shafti inayotoka izunguke mara moja, na ya tatu 1.4. Nikibadili kwenye mizunguko 7000 kwa dakika, mshale wa mizunguko unaanguka mpaka 4900, na turbo yangu haiamki sawasawa kabla ya 5200. Ya pili haijabadilika, ila sasa ya tatu ni 1.55, mshale unatua 5425 na gari linaendelea kuvuta kama vile hakuna kilichotokea. Gharama yake ni gia ya kwanza iliyo ndefu. Kuondoka mlimani lazima uichezeshe klachi, na harufu yake utaisikia.

Sasa kosa langu. Giaboksi ya kawaida ina ringi ya shaba inayojisugua kwenye koni ya gia mpaka kasi zilingane, ndipo meno madogo yaingiane. Ndiyo maana unaweza kusukuma mkono polepole. Humu ringi hiyo hakuna. Kuna vichwa vichache vinene vya chuma vyenye nafasi pana kati yao, na kazi yao ni kuingia kwa kishindo. Mimi wiki za kwanza nikawa naubembeleza mkono wa gia, nikidhani ndiyo kutunza.

Nilipomwaga oili, sumaku ya nati ya chini ilikuwa imeota manyoya meusi ya unga wa chuma, na katikati yake kipande kama punje ya mchele. Fundi akafungua, akaniwekea ringi ya gia ya tatu kiganjani. Kona za vichwa, zilizotakiwa ziwe kali, zilikuwa zimelika na kuviringika kama sabuni iliyotumika.

“Unaishika kama yai, bosi,” akasema. “Hii ipige!”

Aliponibadilishia ringi hiyo nikaanza kupiga. Kupanda gia, naachia mafuta kidogo sana, navuta mkono kwa nguvu bila klachi, nakanyaga tena. Kushuka natumia klachi na kugusa mafuta ili injini ipande ilingane na gia inayoingia. Oili niliyoimwaga juzi ilitoka na vumbi la kawaida tu.

Kwenye foleni bado ni adhabu. Ukiachia mafuta linadunda, ukikanyaga linadunda, na abiria anakutazama kama hujui kuendesha. Kama gari lako ndilo la kwendea kazini kila siku, tafuta seti ya gia zilizoimarishwa lakini zenye sinkronaiza. Mimi la kwendea kazini ninalo jingine.