Kipandikizi cha Jino: Titani au Zirkonia? Nimevipanga kwa Jinsi Vinavyobeba Mzigo

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Hawakuwahi kuona jino lililokazwa ndani ya taya, mfupa ukaling'ang'ania kama lake. Daktari Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alikutana na jambo hilo miaka ya 1950, pale alipotaka kung'oa vifaa vya metali ya titani alivyoweka kwenye mifupa ya sungura na mfupa ukagoma kuviachia. Mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliwekewa vipandikizi mwaka 1965 akavitafunia hadi alipofariki mwaka 2006. Zirkonia, kauri nyeupe inayotangazwa sana siku hizi, ilianza kushika nafasi yake miaka ya 2000, kwa hiyo rekodi ya namna hiyo bado haina. Kumbuka hilo unaposikia kwamba "kauri imeipita metali".

Swali ambalo wanunuzi huuliza kwanza ni ipi yenye nguvu zaidi. Ukilijibu kwa namba za maabara utapotea. Zirkonia ikikunjwa kwenye mashine huvumilia megapaskali (kipimo cha mkazo) 900 hadi 1,200, ilhali titani safi ya daraja la 4 huanzia 550 ikivutwa. Hapo kauri inaonekana bingwa. Lakini kinachomaliza kitu mdomoni kwa kawaida si pigo moja kubwa. Ni ufa mdogo unaotembea nywele kwa nywele kila unapotafuna, na kwa kuuzuia ufa usitembee titani huizidi zirkonia takriban mara kumi. Kijiti kibichi kikizidiwa hupinda. Chungu hupasuka, na hakikuambii kwamba kiko karibu kupasuka. Mimi hupanga vipandikizi kwa kigezo hicho: kikishindwa, kitashindwaje, na nitakuwa nimepata dalili?

Kuna hoja nyingine ambayo wauzaji wa metali huipenda. Zirkonia hainyumbuki kirahisi: ukaidi wake dhidi ya kunyumbuka ni gigapaskali 210 hivi, mara mbili ya titani, na mfupa mgumu wa taya una 10 hadi 20 tu, hivyo eti kauri itautesa mfupa. Siinunui sana. Zote mbili ziko mbali mno juu ya mfupa, na tofauti kati yao haitoshi kuamua manunuzi. Linalostahili kujulikana ni kwamba jino la asili limening'inizwa kwenye nyuzi laini zinazoliruhusu kusogea kidogo linapopigwa, na kipandikizi hakina nyuzi hizo, cha metali wala cha kauri. Kila pigo hulipokea kikavu.

Pigo lenyewe huja kwa mshazari. Ndiyo maana kipimo cha kimataifa, ISO 14801, hukilaza kipandikizi kwa pembe ya nyuzi 30, huacha milimita 3 zikiwa nje kana kwamba mfupa umeshaliwa, kisha hukigonga mamilioni ya mara. Uliza kama aina unayouziwa imepitia kipimo hicho, na kwa kipenyo gani. Kipenyo kina maana kuliko watu wanavyodhani: nguvu ya kipande cha mviringo dhidi ya kupinda hukua kwa mchemraba wa kipenyo. Kijiti cha milimita 4.1 kinahimili karibu mara mbili ya kile cha 3.3, malighafi ikiwa ileile.

Sasa mpangilio wangu.

1. Titani safi ya daraja la 4, vipande viwili

Kwa vinywa vingi, magego yakiwemo, hiki ndicho ningelipia. Sehemu ya chini hukaa mfupani, kiunganishi kinachobeba jino bandia hukaa juu yake, na skrubu hupita katikati. Skrubu ikikazwa, mara nyingi kwa niutoni-sentimita 30 hadi 35, hurefuka kidogo sana kama lastiki iliyovutwa, na kule kutaka kurudi ndiko kunakobana vipande viwili visiachane. Metali inaweza kazi hiyo kwa sababu inanyumbuka.

Watu hulalamika kwamba skrubu hulegea. Ni kweli, na ni heri. Skrubu ndiyo fyuzi ya mfumo mzima: mzigo ukizidi, yenyewe hulegea au hukatika kabla ya kile kilichozama mfupani. Unasikia jino linacheza, unakwenda kliniki, inakazwa upya au inabadilishwa. Anayepuuza jino linalocheza kwa miezi ndiye anayekuja kuvunja kipandikizi chenyewe.

2. Aloi ya titani na zirkoni

Ikiwa taya lako ni jembamba na daktari anataja milimita 3.3 au chini ya hapo, hiki kichukue nafasi ya kwanza. Takriban asilimia 15 ya zirkoni ndani ya titani huongeza nguvu bila kuondoa mnyumbuko. Kampuni ya Straumann wanaiuza kwa jina la Roxolid tangu mwaka 2009. Tafadhali usichanganye: zirkoni ni metali, zirkonia ni kauri yake. Nimeona matangazo yanayoruka kutoka moja hadi nyingine ndani ya sentensi moja, na mnunuzi akadhani ananunua kauri.

3. Titani yenye alumini na vanadi

Ina nguvu kuliko titani safi, zaidi ya megapaskali 850, na huenda tayari utakuwa nayo mdomoni, kwa kuwa skrubu na viunganishi vingi hutengenezwa kwayo. Naiweka ya tatu kwa sababu nguvu hiyo ya ziada wengi hawaihitaji, na wengine hawataki vanadi mwilini.

4. Zirkonia ya kipande kimoja

Hapa mambo yanakuwa matamu. Zirkonia si kauri ya kawaida. Ufa ukianza, chembe zilizo kwenye ncha yake hubadili umbo na kuvimba kwa asilimia 4 hivi, zikaubana ufa usiendelee. Ni kauri inayojifunga jeraha. Ila mabadiliko hayohayo huweza kuanza yenyewe polepole pale maji yanapoigusa kwa miaka, uso ukachakaa. Mwaka 2001 vichwa bandia vya nyonga vya zirkonia vilivunjika kwa mamia ndani ya miili ya watu, chanzo kikiwa badiliko dogo katika uchomaji kiwandani. Kwa hiyo kwenye zirkonia jina la mtengenezaji na uangalifu wa tanuri lake vina uzito kuliko kwenye titani.

Kwa kuwa ni kipande kimoja, hakuna kiungo wala skrubu ya kulegea, na kwa upande wa kubeba mzigo hilo ni jema. Gharama yake ni kwamba lazima kisimame wima sawasawa tangu siku ya upasuaji. Daktari akikosea pembe, hakuna kiunganishi cha kurekebisha, na kukisaga kichwa chake ndani ya mdomo ni kukipandia nyufa. Ukiona mpango wa matibabu unaosema "tutakichonga baadaye", uliza maswali.

Ningekichagua kwa jino la mbele, fizi ikiwa nyembamba kiasi cha kuonyesha kivuli cha kijivu cha titani, kwa kipenyo cha milimita 4 na kuendelea. Anayesaga meno usingizini asikiguse.

5. Zirkonia ya vipande viwili

Wazo zuri, utekelezaji mgumu. Kauri huvumilia kubanwa, haipendi kuvutwa. Kuichonga tundu na hesi ndani ni kuifanya ukuta mwembamba wenye kona kali, na kwenye kona ndiko ufa huzaliwa. Baadhi hufungwa kwa skrubu ya titani, baadhi kwa plastiki ngumu yenye nyuzi za kaboni, baadhi hugundishwa tu. Ile iliyochanganywa na alumina, kauri ya alumini, ina nguvu zaidi na haichakai upesi kwa maji, kwa hiyo ukiamua kuingia huku, tafuta hiyo.

Alumina tupu sikuipanga. Ilijaribiwa Ujerumani tangu miaka ya 1970, ikavunjika mno, ikaachwa.

Jambo moja zaidi, kwa wanaotaka nusu kwa nusu: kiunganishi cheupe cha zirkonia juu ya kipandikizi cha titani. Kauri ni ngumu kuliko titani, na vikisuguana ni titani inayosagika. Omba kiunganishi kilichogundishwa juu ya kitako cha titani, ili metali ikutane na metali.

Kabla ya kulipa, andikiwa aina ya malighafi, kipenyo, na kama jino bandia litakalokaa juu yake litafungwa kwa skrubu au saruji. Omba pia kadi yenye jina la mfumo na namba ya toleo, uitunze pamoja na vyeti vyako. Miaka kumi ijayo skrubu ikilegea, daktari mwingine atahitaji bisibisi ya mfumo huohuo, na bila kadi atabaki akikisia kwa picha ya eksirei.