Kopo la kunasia oili nililofungiwa hapa Mtwara, na fundi wa "mwambie shemeji aje"

Jamani kama una gari la turbo (ile feni inayosukuma hewa kwenye injini), uko Mtwara, na umesikia kuna gereji wanafunga kopo la kunasia oili, soma hii kwanza kabla hujatoa hela yako. Au usisome, nenda tu, utarudi unalia kama mimi.

Gari langu ni Subaru Impreza ya zamani, ile injini ya kulala, pistoni zinapigana ngumi kushoto na kulia. Huku kusini uwanja wa mbio hatuna, ila wikiendi tuna kiwanja chetu cha vumbi nje ya mji, mwenyewe katuruhusu, tunapanga matairi mabovu unazunguka kwa zamu mmoja anashika saa kwenye simu, basi, ndiyo raha yetu. Sasa ukizunguka kushoto muda mrefu mguu uko chini, oili yote inakimbilia upande wa kulia wa injini, inajaa kwenye tapeti kava (mfuniko wa pale zilipo valvu), inapanda kwenye mipira ya kupumulia mpaka inaingia kwenye turbo. Gari linatoa moshi wa bluu watu wakadhani nafukiza mbu. Na ile inayovujia nje inadondokea bomba la moshi la moto, harufu yake ndani ya gari unatamani uendeshe kichwa kikiwa dirishani.

Ndiyo maana nikataka kopo. Lile kopo linakaa katikati ya njia, mvuke unaingia na oili yake, oili inabaki chini unaimwaga, hewa inaendelea na safari. Kitu chenyewe hakina maajabu. Nikaagiza Kariakoo, likaja na basi, nikalipia mzigo, nikalichukua stendi nikiwa na furaha kama nimeletewa zawadi ya harusi.

Nikafika gereji. Nimesalimia vizuri, nimeeleza tatizo vizuri. Fundi haniangalii mimi, anaangalia gari.

"Hili la nani?"

Langu.

"Aah dada, mwambie shemeji aje tuongee."

Shemeji gani?? Mimi sina mume, na ningekuwa naye nina uhakika dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, asingeijua iko wapi. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, mimi nimekua nashika tochi huku yeye yuko chini ya injini, halafu mtu ananiambia niite shemeji! Akawageukia vijana wake akacheka, "Subaru ikiacha kuvuja dada ujue imeishiwa oili." Utani huo nimeusikia mpaka umeota mvi.

Nilitakiwa nigeuze gari pale pale. Sikugeuza kwa sababu moja, yule bwana kwa kuchomelea mji huu simuoni wa kumfikia, na lile kopo lilihitaji kuchomelewa mkono wa chuma wa kulishikilia vizuri. Nikameza. Nikakaa kwenye benchi masaa manne nakula karanga.

Alichofanya nimekuja kukijua baadaye. Pale kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini, kuna valvu ndogo, wenyewe wanaiita pisivii. Ukiwa unaendesha taratibu injini inavuta pumzi yake chafu kupitia hapo, turbo ikianza kusukuma ile valvu inajifunga na pumzi inatokea kwenye ile mipira mingine ya juu. Yaani njia mbili, zinapokezana. Yeye akaitoa pisivii akaziba tundu kwa bolti, eti haina kazi, inaleta uchafu tu. Kwa hiyo injini nzima ikabaki na pua moja. Halafu hiyo pua moja akaifunga kwa mpira wa maji, ule wa hita! Na ndani ya kopo akashindilia stili waya, hii hii tunayosugulia sufuria, akaibana mpaka ukipuliza kwa mdomo unasikia ubishi. Nilimuuliza kuhusu ule mpira, naapa nilimuuliza, akasema "mpira ni mpira dada."

Mpira siyo mpira. Wa maji ukikutana na mvuke wa oili ya moto unavimba, unalainika, na wangu ulikuwa umepita jirani kabisa na turbo. Siku chache tu ukalegea kama utumbo, ukajikunja kwenye kona, ukaziba.

Sasa injini inapumua. Injini yoyote, hata mpya kabisa. Moto ukilipuka juu ya pistoni kuna hewa kidogo inapenya kwenye ringi inashuka kule kwenye krenki (ile shafti inayozungushwa na pistoni), na hiyo hewa lazima itoke, ukiinyima mlango inabomoa ukuta. Dalili zilikuwepo mimi nikazipuuza. Kuna siku nimefungua boneti nakuta dipstiki imejichomoa yenyewe imekaa nusu nje na oili imetapakaa juu, nikairudisha nikafuta nikaondoka zangu. Hilo ni kosa langu nalikubali. Nusu.

Iliponikamata ni mlima wa kutokea Mikindani. Msimu wa korosho ulishaanza, mbele yangu Fuso limejaa magunia linapanda kwa kutambaa, nikaona nafasi, nikashusha gia nikakanyaga. Injini ikalia, mshale ukapanda, gari halisogei! Linalia tu. Na upande wa pili lori lingine linashuka linanipigia taa. Nikarudi nyuma ya Fuso mikono inatetemeka, nikaegesha pembeni, nikainama. Oili inatiririka pale injini inapokutana na gia boksi. Sili ya nyuma ya krenki, ile inayozuia oili isivuje, ilisukumwa nje na ile pumzi, oili ikalowesha klachi, klachi ikawa inateleza kama sabuni.

Aliyeniokoa ni fundi wa mashine za boti hapo hapo Mikindani, mtu mzima, mpole, hata gereji hana, ana mwembe. Kanisikiliza mpaka mwisho. "Dada'ngu, kabla hatujashusha chochote tuiulize yenyewe." Akatoa glavu ya hospitali, akafungua mfuniko wa kuwekea oili, akavalisha glavu pale kwenye mdomo akaibana kwa raba bendi, akaniambia washa.

Nikawasha. Ile glavu ikaanza kujaa taratibu, kidole kimoja, viwili, vyote vitano, ikasimama wima kabisa kwenye injini kama mtu ananyoosha mkono darasani. Watoto waliokuwa pembeni wakaangua kicheko. Mimi nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja. "Umeona," akasema, "haina pa kutolea pumzi."

Gia boksi likashushwa. Sili mpya, klachi pleti mpya, na kuna kibamba cha plastiki pale nyuma ya injini ambacho Subaru nyingi za zamani kinavuja, akaniambia tuweke cha chuma maadamu tumeshafungua, tukaweka. Pisivii ikarudi kwake, mpya (ukiitikisa ile nzima inalia kachakacha ndani, ile ya zamani ilikuwa bubu). Stili waya ikatupwa, alisema vipande vyake vikikatika vinavutwa mpaka kwenye turbo, hapo ndo utajua hujui. Mpira akaweka wa mafuta, mnene, wa tundu pana, akauzungusha mbali na moto. Tukavalisha glavu tena. Safari hii ikalala, ikanyweea kidogo kuingia ndani. Sijawahi kufurahia glavu maishani kiasi kile.

Ukijumlisha hizo gharama nilizoingia, kopo lenyewe ni hela ya chai. Nikarudi kwa yule wa kwanza na ule mpira mkononi, umelegea unaning'inia, nikamwekea juu ya meza yake. Sikutaka hata hela, nilitaka aseme "samahani, fundi mwenzako kakosea." Unajua alisema nini? "Ndo maana nilikwambia aje shemeji."

Kwa hiyo nyota sifuri. Msiende. Sitaki kuona mtu ninayemjua anapeleka gari pale.

Ila nisiwe mnafiki. Kopo ni zuri, nililaumu kopo wiki nzima na halikuwa na kosa, juzi baada ya kiwanja nimemwaga karibu nusu kikombe cha oili ambayo zamani ingeingia kwenye turbo. Asubuhi asubuhi nikiwa natoka Shangani kwenda mjini tu linatoa tope jeupe kama maziwa yaliyoharibika, msishtuke, ni unyevu wetu huu wa baharini na safari fupi, injini haijapata moto wa kukausha maji, mwaga uendelee. Na ule mkono aliouchomelea yule mjinga... nimezunguka vumbini weee, nimepiga mashimo ya barabara ya Newala, haujatikisika hata nati moja. Fundi wa boti mwenyewe aliugonga na spana akasema huyu aliyechomea anajua. Iliniuma kusikia.

Sasa nahitaji kinga ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), ya chuma kizito, na mashine ya kuchomelea chuma kizito mnajua iko kwa nani. Jumatatu naenda. Kazi ni kuchomelea tu, boneti naifunga, funguo nakaa nayo mimi, na glavu nimeinunua boksi zima iko kwenye dashibodi.