Babu alijificha kwenye herufi D: uzoefu wangu na Nyaraka za Taifa

Nimekwenda mara nne chumba cha kusomea cha Nyaraka za Taifa, Upanga, kumtafuta baba yake babu. Kwetu Kariakoo tulichorithi ni jina, Juma bin Mbwana, na maneno kwamba alikuwa na kiwanja enzi za Mjerumani. Basi.

Siku mbili za mwanzo nilitoka mikono mitupu. Unapitia orodha, unaomba faili, unangoja. Orodha ya kina J niliimaliza yote. Siku ya tatu mzee aliyekaa meza ya jirani akaniuliza, "Mwanangu, unamtafuta kwa herufi gani?" Nikamwambia. Akacheka hadi akavua miwani. Kwa Mjerumani J husomeka kama Y yetu, kwa hiyo karani wao akisikia Juma huandika Djuma. Hata mji wenyewe waliuandika Daressalam, neno moja. Kufungua D, kina Djuma wamejaa, na mmoja ni bin Mbwana, mwenye kiwanja.

Lakini usidhani ukilipata faili umemaliza. Mwandiko wa makarani wale ni mistari iliyolala kama nyasi za pwani. Rafiki yangu aliyesoma Kijerumani alitoa macho tu. Mzee yule ndiye aliyenisomea, na malipo yake yalikuwa chai na vitumbua viwili. Huduma ya hapo naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya macho yangu, si yao.

Kuthibitisha kwamba ni wetu ilibidi nitafute shauri lake la mirathi, la wakati wa Mwingereza. Mahakama siitaji. Nilipigwa "njoo kesho" wiki tatu, na nakala niliyopewa haikuwa na ukurasa wa mwisho, ule wa warithi! Nikarudi. Ushauri wangu: hesabu kurasa palepale dirishani, kabla hujasaini.

Ukurasa ulipopatikana, namba ya kiwanja ni ileile. Babu yumo. Chini yake yumo binti wa mke wa pili, wa Bagamoyo, ambaye sijawahi kumsikia akitajwa.

Jioni nikamsomea shangazi. Akanyamaza kidogo, akaacha kuchambua mchele.

"Kumbe yule bibi aliyekuwa akija kila Idi na kapu la maembe," akasema. "Sisi tukimwita mgeni."